Mhuri wa Zambarau

Miaka kumi na tisa nasimama nyuma ya gogo hili, Kaptembwo,
na mafuta nayajua.
Ya figo hung'oka kwa vidole, hayana ubishi.
Ya kiunoni hutaka ncha ya kisu.
Ya nundu huachwa, yana wenyewe, huyadai Jumamosi.
Lakini haya ya Kerubo
hakuna ng'ombe aliyewahi kunifundisha.

Alizaliwa nayo, chini ya kiuno, kando kidogo,
uvimbe laini kama andazi lililotolewa mapema,
na juu yake kishimo, na vinywele vitatu.
Mama yangu akasema mtoto kaja na akiba yake.
Tukacheka. Tukamvalisha sketi pana.
Akatembea kwa wakati wake, akavunja vikombe kwa wakati wake.
Kisha, mwaka wa nne,
kiatu cha kushoto kikaanza kulika upande mmoja,
na godoro lililokuwa limekauka mwaka mzima
likarudi kuanikwa uani kila asubuhi.
Jirani akasema: ni deko hilo, mchapeni.
Sikumchapa. Sijui kwa nini;
siku hizo nilikuwa mtu wa kuchapa.

Daktari Tallam ana mikono midogo kuliko yangu.
Aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha:
huu weupe ni mafuta, yameingia ndani,
yameushika ugwe wa mgongo, yakaufunga chini.
Mbuzi wa kamba fupi, akasema.
Mtoto anarefuka, kamba hairefuki.

Nikamuuliza swali la kazi yangu:
utayatoa yote?
Akanitazama kama fundi anavyomtazama fundi.
Hapana. Penye neva nitabakisha.
Heri mafuta yabaki kuliko mguu uende.

Usiku ule nilinoa visu vyote vya dukani,
hata kile cha mifupa, ambacho hakikuwa kibutu.

Asubuhi akamlaza ubavu, akamchora mgongoni
mstari kwa kalamu ya zambarau.
Zambarau ile ile
ya mhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe,
inayosema: huyu amepita, auzwe.
Nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya hospitali,
mimi, niliyekulia damuni.

Muda wa saa sita na ushei.
Upepo ulishuka kutoka Menengai na vumbi lake,
mama Kerubo akafunga leso, akafungua, akafunga.
Muuguzi alipita akatuambia
wamemfunga nyaya miguuni,
kisu kikikaribia neva, mashine inalia kwa niaba yake.
Nikatega sikio ukutani.
Nilisikia ndoo tu, na mtu akipiga deki.

Sasa analala kifudifudi, haruhusiwi kuinuka,
maji ya mgongo yasije yakavuja.
Siku ya pili aligeuza shavu kwenye mto:
Baba, wamenipunguza kilo ngapi?
Robo haifiki.
Wewe ungeuza pesa ngapi?
Hayauzwi, nikasema, na sauti ikanikatika hapo hapo.

Muuguzi akainua blanketi,
akakuna nyayo kwa kifuniko cha kalamu.
Kidole gumba cha kulia kikaruka.
Cha kushoto
tukakingoja.
Nitajaribu tena kesho, akasema,
akaandika kitu kifupi kwenye karatasi,
na kalamu yake, niliitazama,
ilikuwa ya buluu.