Nimesimamishwa, Nimekaa

Barua ilikuwa na aya tatu na muhuri uliopinda.
"Unasimamishwa kazi kwa tahadhari,
kwa mshahara kamili, hadi uchunguzi ukamilike.
Hii si adhabu."
Niliisoma kando ya friji ya sampuli,
chupa kumi na nne za bomba la kaskazini
zikinitazama kwa vifuniko vyake vya buluu.
Si adhabu, alirudia Bwana Terblanche,
akanyoosha kiganja nimpe kadi ya mlango.

Lugha ina utani wake:
mtu akisimamishwa, hukaa.
Nilikaa jikoni. Nilikaa kibarazani.
Nilikaa kitandani, upande wa marehemu Mzwandile,
nikihesabu nyufa za dari.
Birika likichemka nalikagua kama kawaida,
rangi, harufu, mashapo.
Mikono haijui kusoma barua.

Mama aliambiwa ni likizo.
Wiki ya tano akauliza, macho kwenye sindano za kufumia,
"Likizo gani hii isiyo na tarehe ya kurudi?"

Niliandika namba. Namba ilikuwa mbaya.
Walitaka nyingine,
nikasema kalamu yangu haina nyingine.
Hilo tu.

Anayelipwa huku amekaa hana wa kumlilia.
"Shoga, mimi ningelala!" alisema jirani, Bi. Februarie.
Kanisani walinipisha kwenye benchi,
nafasi kubwa mno, ya watu watatu.
Lisemwalo lipo, walisema kwa mabega.
Tahadhari: neno laini kama pamba,
na pamba ndiyo anayozibwa nayo maiti pua.

Siku ya hamsini nikapanda ngazi kwa wakili,
kijana Sijadu, tai fupi, ofisi juu ya duka la viatu.
Akataka hati ya kiapo.
Nikampa kurasa kumi na moja, akazifanya sita.
Alikata birika, alikata kanisa, alimkata Mama.
"Jaji hapimi machozi, dada. Anapima tarehe."
Mimi ni mpimaji. Hilo nililielewa.

Mahakama ya Kazi, Alhamisi,
upepo wa Gqeberha unang'oa mabango barabarani.
"Simameni!"
Tukasimama, wakili wa manispaa na masanduku yake mawili,
Terblanche aliyekwepa macho yangu, karani mwenye kikohozi,
na kwa muda wa pumzi moja
sote ukumbini tulikuwa tumesimamishwa.

Jaji, mama mwenye miwani ya kamba,
alianza na sisi.
"Analipwa. Dharura iko wapi?"
Sijadu mate yakamkauka.
Nilitaka kupiga kelele: mheshimiwa, bomba halijasimamishwa!
Linatoka maji usiku na mchana, na watoto wanayanywa!
Lakini mwenye wakili hana mdomo.

Kisha akageukia upande ule.
"Kanuni zenu wenyewe zinasema siku sitini. Leo ya ngapi?"
Sanduku la kwanza likapekuliwa. La pili.
"Sitini na tatu, mheshimiwa."
"Na mashtaka yake?"
Karani akakohoa.

Hakusema nina haki.
Hakusema maji ni machafu au ni masafi.
Alisema tu kwamba ile amri ilikwisha kufa yenyewe, Jumatatu,
ikakosa wa kuizika.
Gharama, kila upande ubebe zake.
Zangu nitazibeba hadi Pasaka.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, langoni.
"Jina lako halimo kwenye mashine," akasema mlinzi,
akanisukumia daftari la wageni, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Jina: Thozama Ngxowa.
Unakwenda kumwona nani?
Nikafikiri kidogo, nikaandika: Maji.

Akanisogezea kiti, nisubiri wapige simu juu.
Hapana, nikamwambia.
Nasimama.