Kifungo cha Juu

Mizani ya hospitali iliishia mia na hamsini.
Mshale ukagonga ukingo, ukatetemeka, ukanyamaza.
Mwanafunzi mmoja akasema: tumpeleke Kadutu,
kwenye mizani ya magunia ya muhogo.
Nsimire, muuguzi, hakumjibu. Alivua koti lake jeupe
akanifunika mabega, eti kuna baridi.

Wiki ile nilijua kisu kimoja kina mikono mingapi.
Balagizi, mpasuaji, alichora tumbo langu nyuma ya bahasha,
akalikata kwa kalamu hadi likabaki kama ndizi.
Namegabe wa usingizi aliuliza nakoromaje,
mume wangu akaigiza. Tulicheka mpaka nikakohoa.
Cibalonza wa lishe hakuanza na bugali.
Aliuliza nani hupika, nani hula mwisho,
na mwaka ule wa kukimbia vita nililala njaa siku ngapi.
Hapo nililia.
Hakuandika kitu.

Walibishana mlangoni, nikawasikia:
Mwezi huu. Hapana, presha kwanza. Na kitanda je?
Kitanda!
Ndipo akaitwa Mudosa, fundi wa kuchomelea wa Nyawera,
akapima upana wangu kwa kamba, macho chini,
kama anayepima mlango wa kanisa.

Leo napanda mlima hadi sokoni, napumzika mara mbili.
Zamani sikuwa na cha kuhesabu: sikupanda.

Koti la Nsimire bado liko kwangu.
Kila Jumapili najaribu vifungo.
Jana cha juu kilikubali.