Yeni Mbili

Andazi ukilila humu dukani, kodi kumi kwa mia;
ukitoka nalo, nane.
Bibi Fumie hutoka.
Husimama thelujini, mvuke wa maharage mkononi,
pua nyekundu, yeni mbili zimesalimika kibindoni.

Haba na haba, wanasema watozaji.
Kibaba cha nani? huwauliza kunguru wa Noshiro.

Alhamisi hii likaja gari la manispaa.
Chinami akakunja mikono ya shati,
akamwogesha mzee Tokuji, aliyesahau hata jina la mkewe,
kidole kwa kidole, mpaka nyuma ya masikio.
Fumie alishika taulo,
akitazama kipande cha sabuni kinavyokwisha.
Hakuuliza nani amekinunua.

Ijumaa, dukani, theluji ikidondoka,
alivuta kiti.