Sahani ya Bi Mwanakheri

Juma la kwanza niliuchora mji kwenye karatasi ya mirabamraba,
mwalimu wa hesabu, nimehamishwa kutoka Voi,
siamini kwamba kuna kitu kisichopimika.
Nilihesabu hatua: arobaini na moja hadi kona,
kulia, kumi na sita, chini ya wikio,
kisha ukuta. Ukuta tena. Punda mwenye mchanga,
na kijana nyuma yake: "Pisha! Pisha!"
nami nimejibana mlangoni pa watu
kama barua isiyoandikwa jina.

Pale Usita wa Mui walinionyesha vikoi kwa bei ya wageni.
Nikajibu kwa Kiswahili changu cha ubaoni,
kila kiambishi mahali pake.
Bei ikashuka. Kidogo.

Ndipo Bi Mwanakheri, mwenye nyumba, akanikabidhi
sahani ya kauri yenye ufa uliozibwa,
na juu yake kawa ya ukindu, nyekundu kwa zambarau.
"Nipelekee hini kwa Mwanamkuu, Langoni. Mwambiye ni yake."
Namba ya nyumba? niliuliza.
Akacheka hadi akashika kiuno.
"Namba! Wewe chukua, enda."

Nikaenda. Mikono yote miwili ina kazi,
simu imelala mfukoni, ramani kwapani inalowa jasho.
Sikuhesabu hatua, nilichunga mchuzi usimwagike.
Na mji, ulionipa mgongo siku kumi,
ukageuka kutazama. Si mimi; kawa.
"Hiyo ya Mwanakheri," alisema muuza viazi vya karai
bila kuinua uso kwenye mafuta.
"Yaenda kwa Mwanamkuu? Siyo huko.
Pita kwa marehemu Famau, ukate pale penye mkungu."
Mkungu ulikatwa kabla sijazaliwa,
nami nikakata kona pale pale
kilipokuwa kivuli chake.

Mtoto mwenye kofia ya kaka yake, imemfunika masikio,
akatangulia bila kuombwa,
akanionyesha kizingiti kinachokwaza watu,
na dirisha moja:
"Hapo pana eda, mwalimu. Angalia tini."
Nikainamisha macho.
Hilo sikuwa nimelichora.

Mwanamkuu alikuwa mlangoni, habari imenitangulia.
Alionja kwa ncha ya kidole, akakunja uso.
"Munyu! Tangu tuko chuoni mkono wake mzito."
Akaosha sahani, akaijaza mikate ya mofa,
mmoja akanipa mkononi, nile ndiani.
"Mwambiye, sahani yake hini."
Amesema ni yako.
"Mwongo. Ni yake."

Nimeipeleka na kuirudisha mara ngapi, sijui,
mimi niliyehesabu kila kitu.
Mwezi wa Ramadhani ilitoka mara tatu jioni moja.
Ufa umezibwa upya kwa gundi ya fundi Shekuwe,
ambaye naye anasema ilikuwa ya mama yake,
lakini hataki kugombana na wanawake wale.
Sasa najua duka linalokopesha sukari robo kilo,
najua mlango upi husukumwa na upi hungojewa,
najua kupiga hodi ya tatu, kisha kuondoka
bila kinyongo.

Ile ramani? Bi Mwanakheri alifungia mahamri.
Mafuta yamekula Gadeni yote,
ukiinua kwenye taa unaona upande wa pili.

Leo usiku sahani iko kwangu,
imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya madaftari ya kidato cha pili.
Zamu yangu.
Mbaazi kilo moja, nazi mbili, jiko moja la mkaa,
na mtaa mzima utaonja kwa ncha ya kidole.
Nashika chumvi.
Naweka. Naondoa mkono.
Naweka tena, kidogo.