Ndugu Aliyehama

Miaka tisa tuliishi watatu humu ndani:
mimi, Ildikó, na kidonda chake.
Aliyekiita kidonda ndugu alijua asemalo.
Kilikula nasi, kikaenda nasi kanisani,
kilichagua viatu, kilichagua viti,
usiku kililala katikati yetu,
kikinuka kama maua yaliyosahauliwa majini.

Alikuwa amesimama miaka thelathini, kiwanda cha glavu, Pécs,
akinyoosha ngozi juu ya vidole vya shaba vyenye moto.
Damu ilishuka miguuni kama watu wa zamu ya usiku,
ikakosa mlango wa kutokea.

Daktari Szendrey akatuonyesha picha:
nyongani, mshipa umelaliwa na jirani yake
hadi umekuwa bapa kama utepe.
“Tumepangusa sakafu miaka yote hii,” akasema,
“na bomba limeziba darini.”

Wakapitisha wavu wa chuma, umekunjwa;
ukatanuka mle ndani
kama vidole ndani ya glavu mpya.

Kiatu cha kushoto kikaingia kabla wiki haijaisha.
Kidonda hakikuwa na haraka. Kikawa kama sarafu,
kikawa kama dengu,
na asubuhi moja ya Machi nikafungua bendeji
nikakuta ngozi, nyembamba, ya waridi,
inaona haya kama mgeni.

Magdolna, wa kitanda cha dirishani,
wavu wake uliziba kwa damu iliyoganda kabla ya Krismasi.
Kwa nini yeye, si sisi?
Daktari alisema hajui, bila kupepesa,
nami nikampenda kwa hilo.

Weusi wa kifundoni haujatoka, hautatoka.
Soksi za kubana bado. Vidonge bado:
kisu kikiteleza kwenye kitunguu
jiko linageuka machinjio.

Na mimi bado naamka saa kumi na moja.
Mikono inatafuta mguu wa kufunga,
kutoka vidoleni kwenda juu, nusu juu ya nusu,
isikaze, isilegee.
Sijui kama tulikuwa na ndoa nyingine zaidi ya hiyo.

Jana alipanda kilima peke yake hadi sokoni,
akarudi na boga na uso mwekundu.
Keti, nikamwambia, niutazame mguu.
“Kuna nini cha kutazama?” Akacheka.
Kisha akaketi, akauweka pajani mwangu.

Ulikuwa mwepesi.
Nikaushika hivyo hivyo.