Daftari la Bwana Mifugo

Yadi ipo kando ya barabara ya kwenda Arusha,
gari limeoshwa mpaka Kibo kinajiona kwenye boneti.
"Jipya hili, mama," anasema Priva, kijana wa yadi,
na jipya, kwa Kiswahili cha Moshi, maana yake
aliyelichakaza hatumjui jina.

Miaka kumi na miwili Japani,
wiki sita melini, siku tisa bandarini.
Namba E. Viti bado vimevaa nailoni.
Ukiwasha, mwanamke anasema kitu kwa Kijapani, kwa adabu.
"Anakukaribisha," Priva ananitafsiria.
Labda. Labda anasema breki zimekwisha,
amelisema hilo tangu huko kwao
na hakuna anayemsikia.

Milioni kumi na saba na nusu.
Mimi ninazo tisa: sare za shule,
cherehani mbili, mgao wa kikoba.
Zilizobaki ni mkopo, na dhamana ni kihamba,
na ndani ya kihamba amelala mume wangu.
Sijui benki humhesabu pamoja na migomba.

Lile jingine liko Uru, ubavuni mwa zizi,
namba A, rangi iliyokuwa ya maziwa
kabla ng'ombe wa tarafa nzima hawajajikunia.
La marehemu Bwana Mifugo Kimambo.
Mjane wake, Mama Anaeli, hajui kuuza.
Anaanza na ubovu:
mlango wa nyuma kushoto haufunguki ila kwa kubembelezwa,
rejeta inakunywa maji kama mgonjwa wa homa,
taa moja inatazama barabara,
ya pili inatazama mahindi ya watu.
Milioni sita.
"Na ukiona nyingi, sema."

Shemeji yangu Kundaeli ana maneno:
mtumba wa mtumba, anasema, ni kitambaa cha kupigia deki.
Kipya kinyemi, namwambia kwa kejeli,
naye anamalizia bila kukusudia: ingawa kidonda.
Akakasirika kwa kujishinda mwenyewe.

Fundi Shirima wa Pasua akalala chini yake dakika arobaini,
akatoka na kutu kwenye nyusi.
"Hili linajulikana linapoumwa.
Lile la yadi halijaumwa mbele yako."
Akachukua elfu ishirini yake, akaenda.

Ndipo mjane akaleta daftari,
la shule, jedwali la kuzidisha mgongoni,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandikia pajani:

*Km 61,200. Oili. Chujio.*
*Km 74,015. Ndama wa Tesha. Amekufa njiani.*
*Km 88,410. Usiku, mvua. Binti wa Mosha, uchungu.*
*Tumekwama mara mbili. Tumefika.*

Binti wa Mosha ni mimi.
Gari silikumbuki. Nakumbuka paa,
kitobo kama punje ya mtama,
na maji yakinidondokea gotini
nami nikiyahesabu, tone kwa tone,
nisije nikapiga kelele mbele ya mume wa watu.

Nikaenda kwenye mlango wa nyuma kushoto.
Nikaubembeleza.
Nikatazama juu:
kitobo kimezibwa kwa lami, kwa kidole,
alama ya kidole bado ipo.

Nikarudi kwenye daftari. Ukurasa uleule, chini:
*Km 88,431. Paa.*

Msiseme niliamua kwa moyo.
Niliomba apunguze laki tano kwa ajili ya rejeta,
akapunguza tatu, tukabishana mpaka chai ikapoa.

Tulipowasha, likakohoa, likanyamaza.
Vijana wawili wa jirani, na Kundaeli akinung'unika,
na mjane, kanga kaifunga kiunoni,
wakalisukuma hadi mteremko wa kushukia mjini.
Kwenye kona ya tatu likanguruma.
Nikaegesha pembeni, mikono ikitetemeka,
nikapekua pochi mpaka nikapata kalamu:

*Km 214,006. Mwenye gari mpya.*
*Limesukumwa. Limewaka.*