Mguu wa Mbele, Kushoto

Misumari sita nimeing'oa asubuhi hii.
Wa saba umekatikia ndani.
Nimekaa juu ya ndoo na koleo la marehemu baba,
paja langu ndilo fuawe,
na Tabasamu (jina si langu, alikuja nalo lorini kutoka Arusha)
ananipumulia mgongoni
kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake.

Baba alikuwa mhunzi, Mabatini.
Alifua majembe, mapanga, nanga za mitumbwi;
kiatu cha mnyama hakuwahi.
"Ng'ombe anakwenda peku," alisema,
"na ng'ombe ndiye aliyelipa mahari ya mama yako."
Hilo lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi.

Bwana Shigela anataka chuma.
Ana harusi nne mwezi huu,
na lami, anasema, inadai mlio:
ko-ko, ko-ko, wageni wageuze shingo
kabla hawajamwona bwana harusi juu ya tandiko.
Farasi peku ni kwaya bila kinanda.
Simlaumu. Ndiye anayenunua pumba.

Lakini hajawahi kuuinua mguu huu.
Angeuinua angeona
ukuta wa ukwato ulivyochanika ilikopita misumari,
kama pindo la kanga iliyoanikwa kwenye seng'enge;
angeona kisigino kilivyojikunja
kama mtoto anayelazwa kitanda cha mdogo wake.
Angenusa.

Nami nisijifanye mwalimu.
Juzi nilimtoa bila chuma, mguu wa kulia tu,
kutoka bandani hadi ziwani, hapa Luchelele,
mita mia tatu na ushee.
Kwenye nyasi alitembea vizuri.
Kwenye mchanga, vizuri mno, akayachezea maji kwa pua.
Lakini katikati pana kokoto
walizomwaga wajenzi wa ukuta wa jirani,
na hapo alisimama,
akainua mguu, akaushusha taratibu
kama anayeonja uji wa moto,
akanitazama.
Mtu akikutazama hivyo unaweza kubisha.
Farasi humbishii.

Mji huu umekaa juu ya mawe.
Kuna nyumba Igogo jiwe limeingia hadi sebuleni,
wanaliwekea kitambaa na redio.
Nani kasema mguu utajifunza mawe haya?
Na nani kasema chuma hakitelezi
mteremko wa Isamilo ukishanyeshewa?

Holo wa duka la dawa za mifugo kasema: subiri.
Ukwato hushuka polepole,
upana wa ukucha wa kidole cha mwisho kwa mwezi,
karibu mwaka mzima hadi huu mbovu uishie ardhini
na mpya ushike zamu.
Karibu mwaka.
Shigela anahesabu kwa Jumamosi.

Nimechukua tupa.
Nimeuviringa ukingo, kidogo, halafu kidogo tena,
unga mweupe ukinijaa mapajani kama wa muhogo.
Chini tu ya manyoya nimekwaruza alama,
mstari mmoja, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.
Tabasamu hakushtuka. Alikuwa anatafuna kamba.
Alama ikigusa chini nitakuwa nimejua,
au nitakuwa nimefukuzwa.

Kiatu sikukitupa.
Kimo kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na misumari sita,
kwa sababu mimi ni binti wa mhunzi
na chuma hakijanikosea;
kimekosea mguu huu tu, na labda
si chuma, ni aliyekipiga na haraka zake.

Jumamosi Shigela atapiga simu.
Nitamwambia mguu unauma,
ambayo ni kweli, na si jibu.

Wa saba bado umo.
Holo kasema nisiuchimbe, hauko penye uhai,
utashuka na ukwato wenyewe.
Kila asubuhi nitaupapasa kwa kidole gumba,
kichwa hauna, ncha siioni,
nione umefika wapi.